Huku gari anachagua benki, kule anachagua fundi

Kwenye makundi yetu ya Watanzania tulioko Marekani kuna ubishi usioisha: wapi ni rahisi kumiliki gari la kupanda milima na kuingia porini, huku au nyumbani? Wengi hawasubiri swali liishe. Huku! Unaingia yadi ya kuuzia magari asubuhi na njaa zako, jioni unatoka na funguo. Mimi naishi Colorado na kwetu ni Arusha, sehemu zote mbili mlima unauona ukifungua dirisha, na jibu langu linawaudhi watu. Kulipata gari ni rahisi huku. Kupata gari linalokufaa, kule ndiyo rahisi zaidi.

Muuzaji wa huku hakuulizi unakwenda wapi. Anakuuliza ungependa kulipa kiasi gani kwa mwezi. Ukishajibu tu, umekwisha, kwa sababu kuanzia hapo mnazungumzia rejesho, bei ya gari imewekwa kando. Chukua gari la dola 40,000 kwa riba ya asilimia 7. Ukilipa kwa miezi 60, rejesho ni kama dola 792 kwa mwezi. Ukishtuka, anakuongezea muda hadi miezi 84, rejesho linashuka mpaka kama dola 604, nawe unapumua. Usichoambiwa kwa sauti ni kwamba riba yote imetoka kama dola 7,500 hadi karibu 10,700. Halafu gari jipya linashuka thamani upesi kuliko deni, kwa hiyo miaka ya mwanzo unaweza kudaiwa zaidi ya linavyouzika. Ukipata ajali gari likaharibika kabisa kabla hujamaliza deni, bima inalipa thamani ya gari, benki bado inataka salio lake. Ndiyo maana huko ndani kwenye chumba cha mikopo kuna bima nyingine ya kuziba pengo hilo, nayo pia inapachikwa kwenye mkopo na kulipiwa riba.

Sheria ya mwaka 1968 inawalazimisha wakopeshaji kuandika wazi riba halisi ya mwaka na jumla utakayolipa. Karatasi hiyo ipo, nami naisifu, maana nyumbani kuna wakopeshaji ambao ukiwaomba kitu kama hicho wanakuona mkorofi. Ila inakuja mwishoni, ukiwa umechoka, umeshalipenda gari, na watoto wanalia njaa. Jambo lingine wageni hawalijui: yadi inaruhusiwa kuongeza asilimia yake juu ya riba iliyotolewa na benki. Ndiyo maana kila anayefika huku namwambia aende kwanza kwenye chama cha akiba na mikopo, SACCOS za huku, aombe kibali cha mkopo, aingie yadi nacho mfukoni. Mazungumzo hubadilika papo hapo. Na ukishasaini, usidhani una siku tatu za kughairi. Kanuni ya siku tatu ambayo watu huitaja haigusi gari ulilonunua yadini.

Hapo sijagusa ile alama ya ukopaji inayoanzia 300 hadi 850. Umelipa kodi ya nyumba kwa wakati, hudaiwi na mtu, lakini hujawahi kukopa, basi kwenye kompyuta yao wewe ni kivuli, na kivuli kinapewa riba ya juu.

Matokeo yake yanaonekana barabarani. Jumamosi unakutana na pikapu zenye matairi makubwa, winchi ya kujivuta kwenye tope mbele, hema juu ya paa, na hazijawahi kuacha lami. Mtu aliomba gari la kwenda kupiga kambi, rejesho likaruhusu zaidi, akapewa zaidi. Wakati safari za wengi wetu huku, njia za changarawe na theluji ya Desemba, zinamalizwa na gari la kawaida linalovuta magurudumu yote, likiwa na matairi sahihi. Hata sheria ya Colorado inasema hivyo: kwenye barabara kuu ya I-70 upande wa milimani, kati ya Dotsero na Morrison, kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, gari dogo lazima liwe na matairi ya theluji, au livute magurudumu yote kwa matairi yanayokubalika, au libebe minyororo. Mifereji ya tairi lazima iwe na kina cha angalau sehemu 3 za inchi iliyogawanywa kwa 16. Sheria inaangalia tairi. Ukubwa wa bampa haina habari nao. Zile njia za juu kabisa zinazohitaji gia ya 4L, ile ya nguvu na mwendo wa polepole, na tumbo la gari kuwa juu zipo, na wanaozipenda kweli wanazijua kwa majina. Ni wachache kuliko winchi zilizouzwa.

Sasa njoo Arusha. Gari la porini hulinunui bila fundi wako, na fundi huyo hana habari na rejesho. Analala chini. Anagonga chesisi kwa spana kuanzia mbele kwenda nyuma, akisikiliza, kwa sababu baadhi ya magari ya Japani yametoka sehemu za theluji na chumvi, na kutu inalila kwa ndani huku rangi ya juu inang'aa. Anatikisa bushi, anatazama kama shokapu zinavuja, anachomoa kijiti cha oili ya gia boksi na kuinusa. Akiinuka anauliza maswali mawili tu: spea zake zipo mjini? Likikufia Engaresero, kule karibu na Ziwa Natron, nani ataligusa? Kwa maswali hayo nusu ya magari yanayopendeza yanakufa palepale. Ndiyo sababu Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita isiyo na turbo, imebaki kuheshimiwa na madereva wa watalii. Haina mbio, haina kiyoyozi cha kujivunia, lakini kila gereji ya njiani inaijua.

Kichekesho ni kwamba Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, haijawahi kuuzwa rasmi Marekani. Mmarekani anayeitaka anaingiza iliyofikisha miaka 25, maana kabla ya hapo sheria za usalama zinambana, kisha anaiosha, anaiweka gereji, anaitoa Jumapili. Kule kwetu gari hilohilo linabeba mbuzi.

Lakini nisiwapambe walioko nyumbani. Fundi anachagua vizuri kwa sababu pesa imeshakuumiza, kosa moja na umerudi nyuma miaka. Piga hesabu ya gari lililozidi miaka 10 lenye injini inayozidi cc 2000. Thamani yake likifika bandarini iwe 100, na mara nyingi thamani inayotumika ni ya mamlaka ya mapato, TRA, siyo uliyolipa wewe. Ushuru wa forodha asilimia 25. Juu yake ushuru wa bidhaa asilimia 10, na asilimia 30 kwa sababu ya uzee wa gari. Kisha VAT asilimia 18 juu ya vyote. Ukijumlisha, kodi imeizidi thamani ya gari lenyewe, na tozo ndogondogo bado. Nia ni kuzuia mikweche, naielewa. Ila gari rahisi, gumu, la zamani, ndilo linalofaa njia zetu, na ndilo linaloadhibiwa.

Ukikosa fedha taslimu ukakopa, riba ya benki iko maeneo ya asilimia 15 au 16 kwa mwaka. Shilingi milioni 40 kwa miaka minne kwa asilimia 16, riba ikihesabiwa kwa salio linalopungua, unalipa riba ya kama milioni 14.4. Asilimia ileile mkopeshaji mwingine akiihesabu kwa mkopo mzima bila kujali ulichorejesha, riba inakuwa milioni 25.6. Tangazo ni lilelile, namba ni ileile ukutani. Uliza inahesabiwaje kabla hujauliza kingine chochote.

Kwa hiyo hapa ndipo naikubali Marekani, na bila kinyongo. Muuguzi wa zamu ya usiku huku anamaliza kazi Ijumaa na Jumamosi yuko mlimani kwa gari lake. Mkopo ulio wazi, wa riba ya kuvumilika, ndio uliompeleka. Muuguzi mwenzake wa Arusha kiingilio cha hifadhi anakimudu, kwa Mtanzania ni shilingi kidogo ukilinganisha na dola za mgeni. Tatizo lake ni gari. Kushuka kreta ya Ngorongoro ni magari ya kuvuta magurudumu yote tu, na kigari chake, Toyota IST, kinaishia lami. Gari linaloweza kushuka ni la ofisi au la kampuni ya utalii. Matokeo yake mtu anazaliwa chini ya mlima, anazeeka, na simba anamwona kwenye televisheni. Hilo linaniuma kuliko riba zote za huku.

Mdogo wangu naye ananiomba nimchangie Prado ya mkopo, ya kwenda porini, anasema. Nilimuuliza porini kwenyewe anakwenda lini. Pasaka, na labda Desemba. Siku zingine ni kazini na kurudi, Njiro hadi mjini. Nikamwambia abaki na kigari chake, milioni 40 asizikope. Watu sita mkichanga, Land Cruiser ya kukodi pamoja na dereva inawafikisha Ndutu, pembezoni mwa Serengeti, na kuwarudisha, ikikwama kwenye udongo mweusi dereva ndiye anashuka na koleo, na Jumatatu shokapu ni za mwenye gari.