Miaka Mitatu Bila Kupandikiza Ini

Watu wanapomtaja Thomas Starzl, daktari Mmarekani aliyefanya upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu, humsifu kwa ujasiri wa mikono yake. Mimi namheshimu zaidi kwa kujua wakati wa kusimama.

Tarehe 1 Machi 1963, jijini Denver, Starzl na wenzake walimpandikiza ini mtoto wa miaka mitatu aliyezaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba. Ini bovu halitengenezi vya kutosha vile vitu vinavyogandisha damu, hivyo kila palipopita kisu damu ilitoka bila kukoma. Mtoto akafia mezani. Wagonjwa waliofuata wakatibiwa ili damu yao igande, na tatizo likageuka: mabonge ya damu yalijiunda ndani ya mipira iliyopitisha damu pembeni wakati ini limetolewa, kisha yakaenda mapafuni. Aliyeishi muda mrefu kuliko wote alifikisha wiki tatu na siku chache tu. Kinachoniuma ni kwamba mipira ile ilitokana na mazoezi kwa mbwa. Mbwa hufa akifungiwa mishipa mikubwa ya damu inayofungwa ini linapotolewa. Baadaye ilionekana kwamba binadamu wengi huhimili hilo bila mipira.

Boston na Paris nako walijaribu, mgonjwa mmoja kila mji, wote wakafariki. Starzl akaacha kupandikiza ini kwa zaidi ya miaka mitatu, akarudi maabara kutafuta namna bora ya kutuliza kinga ya mwili isilishambulie ini jipya na kuhifadhi ini lililo nje ya mwili. Tena hakuficha. Mwaka ule ule wa 1963 yeye na wenzake walichapisha taarifa ya vifo vya mwanzo na sababu zake, kila daktari aliyetaka akasoma.

Julai 1967 alipoanza tena, mtoto wa kike wa miezi 19 mwenye saratani ya ini aliishi zaidi ya mwaka, hadi saratani iliporudi. Bado wagonjwa wengi waliendelea kufa kabla ya kumaliza mwaka. Mambo yalibadilika kwa siklosporini, dawa ya kutuliza kinga iliyotokana na kuvu wa udongoni, ambayo daktari Mwingereza Roy Calne wa Cambridge alitangulia kuitumia kwa wagonjwa. Mwaka 1980 Starzl aliichanganya na prednisoni, dawa nyingine ya kutuliza kinga, na wagonjwa walioumaliza mwaka wakafika kama 70 kwa kila 100. Mwaka 1983 jopo la wataalamu nchini Marekani likatamka kwamba upandikizaji wa ini ni tiba, si jaribio tena.

Wapo wanaosema aliwafanyia majaribio watoto wa watu. Ni swali la haki, na wazazi wa watoto wale walilipa gharama ambayo hakuna tuzo inayoifuta. Lakini figo zikifeli kuna mashine ya kusafisha damu. Ini lilipofeli wakati ule hapakuwa na kitu. Ninachompima nacho ni alichokifanya na vile vifo, na naona kila kimoja alikichunguza mpaka kikamfundisha.

Kwetu Afrika Mashariki, homa ya ini aina ya B ingali inaharibu maini ya watu ilhali chanjo yake ipo, na wengi wanaohitaji ini jipya hupelekwa India kwa michango ya ndugu, jamaa na marafiki. Natamani sana huduma hii ienee huku, na naamini madaktari wetu wanaiweza. Ninachokiogopa ni mazoea ya kutangaza mafanikio kwa shangwe na kuacha matokeo mabaya yalale kwenye mafaili, hata daktari wa mkoa wa pili asijue nini kilimwua mgonjwa wa mwenzake.

Kwa hiyo hospitali itakapoita waandishi wa habari kuwaonyesha mgonjwa wake wa kwanza, nitafurahi pamoja na familia yake. Kisha nitauliza: wangapi wamepandikizwa baada yake, wangapi wako hai mwaka mmoja baadaye, na taarifa za waliofariki zimechapishwa wapi?