Kumlaza mgonjwa wa sonona: niliyoyapitia Bielefeld na ninayoyaona Moshi

Mwaka 2021 nililazwa wiki saba katika kliniki moja nje kidogo ya Bielefeld, Ujerumani, kwa sonona iliyochanganyika na hofu isiyokwisha. Nisingelitaja hilo hadharani kama si kikao cha ukoo kilichofanyika mwaka jana kwetu Kibosho kumjadili mpwa wangu, kijana wa miaka 24 aliyeacha kula na kulala, ambapo uamuzi wa kwanza ulikuwa apelekwe soba hausi. Kijana huyo hanywi pombe, wala hajawahi kugusa dawa za kulevya. Nilipouliza sababu kwa simu, baba mdogo alinijibu kwamba kule kuna geti, hivyo hatatoka ovyo na watu hawataulizana.

Jibu lile halijanitoka. Nathubutu kusema kwamba familia zetu nyingi, zikifikwa na jambo hili, hutafuta geti kwanza na matibabu baadaye. Soba hausi ina kazi yake, nayo ni ya heshima, lakini ni nyumba ya waraibu, ambamo aliyepata nafuu humshika mkono anayeanza. Mgonjwa wa sonona anahitaji daktari wa magonjwa ya akili ambaye atamsikiliza, atampima damu ili ajue kama tatizo halitokani na tezi ya shingo, atamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, kisha aamue iwapo kuna haja ya kulazwa, kwa maana wengi hutibiwa vizuri wakitokea nyumbani. Swali hilo la kujiua ndilo tunalolikwepa zaidi, na sheria haitusaidii, kwa kuwa kanuni yetu ya adhabu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na familia yenye hofu ya polisi hufunga mdomo hata mbele ya daktari.

Huku ugenini uchaguzi ulikuwa wa utaratibu. Nilipewa barua na daktari wangu wa kawaida, nikapigia simu kliniki tatu, nikasubiri nafasi wiki kumi na moja. Katika usaili niliambiwa nitaonana na mtaalamu peke yangu mara ngapi kwa wiki, vikundi vina watu wangapi, na nani atanifuatilia nikitoka. Gharama yangu ilikuwa euro 10 kwa siku, tena kwa siku 28 tu kwa mwaka, nyingine zote zikabebwa na bima. Mwajiri alinilipa mshahara kamili kwa wiki sita, kisha bima ikashika zamu. Nikilinganisha na mkulima wa kahawa anayeuza mbuzi ili amlaze mwanawe, naona aibu hata kulalamika.

Hata hivyo nitalalamika. Nilitibiwa kwa Kijerumani, lugha ninayoiweza kazini lakini isiyonifikisha moyoni. Niliposema kichwa kinawaka moto, mtaalamu aliandika kwamba nina maumivu ya kichwa. Jumapili wenzangu walipata wageni, nami nilikaa dirishani nikihesabu magari yanayoingia, saa kumi na mbili jioni nikala mkate baridi na jibini, nikampigia mama kumwambia kwamba niko kwenye kozi ya kazini. Kwa hiyo sina haki ya kumcheka baba mdogo. Nami nilikuwa nimejitafutia geti.

Moshi upweke huo ni nadra. KCMC imekuwa hospitali ya rufaa tangu 1971, na ukisimama langoni wakati wa kuona wagonjwa utawaona akina mama wakiingia na hotpoti za ndizi na chupa za uji, wakijua kitanda cha kila mtu. Milimani Usambara iko Lutindi, iliyoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, kisha ikawa hospitali ya magonjwa ya akili, ikiwa na uhusiano wa miaka mingi na Bethel, taasisi ya Kikristo ya hapa hapa Bielefeld. Wajerumani ninaowasimulia hushangaa. Wachaga wenzangu hushangaa zaidi, kwani wengi wetu tunaijua Mirembe ya Dodoma tu, tena kama tusi.

Usiku wa ile simu ya baba mdogo nilimpa dada yangu maswali ya kuuliza kabla kijana hajalazwa popote. Nani anaandika dawa, na ni daktari wa fani hiyo? Je, kuna mwanasaikolojia, au ni vidonge pekee? Ndugu wanaruhusiwa kuingia? Mgonjwa anaweza kukataa jambo na akasikilizwa? Akiruhusiwa, kliniki yake ni lini, na dawa zitapatikana wapi? Mahali pa kwanza alipopiga simu walimjibu swali moja tu, la bei, wakaongeza kwamba ndugu hawaruhusiwi kwa miezi mitatu ya mwanzo. Alikata simu.

Kijana alilazwa siku kumi na tisa katika wodi ya kawaida, isiyo na bustani kama yangu. Dawa zilichelewa kuonyesha nafuu, karibu wiki nne, na baba mdogo akataka zisimamishwe. Daktari alimwita, akamweleza kwamba hata mgonjwa akipona, dawa huendelea kwa miezi kadhaa na haziachwi ghafla. Tangu siku hiyo, tarehe ya kliniki ikifika, baba mdogo ndiye anayempeleka kwa pikipiki yake, na hukaa naye kwenye benchi mpaka aitwe.