Je, Umbo la Bara Ndilo Lililoifunga Afrika?
Wapo wanaoshikilia kwamba umaskini wa sehemu kubwa ya Afrika unatokana na umbo la bara lenyewe, na hoja yao haistahili kupuuzwa. Afrika ni bara la nyanda za juu zinazoshuka kwa ghafla zikikaribia bahari, hivyo mito yake mingi hukatwa na maporomoko kabla meli hazijaingia bara. Pwani nayo ina ghuba chache: Ulaya, yenye eneo la takriban theluthi moja ya kilomita za mraba milioni 30 za Afrika, ina pwani ndefu zaidi.

Mto Kongo ndio ushahidi wao mzito. Kati ya Kisangani na Kinshasa, umbali wa kilomita zipatazo 1,700, vyombo hupita. Lakini kuanzia Kinshasa hadi bandari ya Matadi mto huteremka kwa takriban mita 270, na meli za mizigo haziwezi kupita kabisa. Reli ya kukwepa kizuizi hicho ilikamilika mwaka 1898, baada ya vibarua wengi kupoteza maisha, na hadi leo shehena inayotoka Kisangani kwenda baharini sharti ishushwe Kinshasa na kupakiwa upya. Gharama hiyo ni ya kweli.

Lakini mteremko huohuo ni hazina. Kwa kuwa bonde la Kongo liko pande zote mbili za ikweta, upande mmoja unapokauka mwingine hupata mvua, na maji hayapungui sana mwaka mzima. Maporomoko ya Inga, karibu na Matadi, yanakadiriwa kuweza kuzalisha megawati 40,000 hivi za umeme, ilhali mitambo miwili iliyoanza kazi mwaka 1972 na 1982 haifiki 1,800. Linaloniuma zaidi ni njia ya umeme ya kilomita 1,700 iliyojengwa kutoka Inga hadi migodi ya Katanga, kusini mashariki mwa Kongo, ambayo ilipita juu ya vijiji vingi vilivyobaki gizani. Hakuna mlima wala poromoko lililoamuru hivyo. Uliamua utawala wa Mobutu, rais wa nchi wakati huo, na wakopeshaji wake.

Kwa hiyo nakubali kwamba jiografia hupandisha gharama za usafirishaji, hasa kwa nchi 16 za bara hili zisizo na pwani, ila nakataa kwamba ndiyo huchagua nani ahudumiwe kwanza. Mkataba wa mwaka 2013, unaokusudia kuiuzia Afrika Kusini megawati 2,500 za Inga, unapaswa kupimwa kwanza kwa kiasi cha umeme kitakachobaki kwa Wakongo wenyewe.