Tundu Kwenye Picha

Kila nikienda kwenye maonyesho ya picha hapa Dar, kikaratasi cha mlangoni huniambia yaleyale: mchoraji amevutwa na asili na kumbukumbu. Ukiingia ndani unakuta machweo, mbuyu, mama na mtungi kichwani. Sina ugomvi na mbuyu. Ila asili ya namna hiyo imekaa juujuu, kama stika kwenye daladala.

Ndiyo maana kila mara narudi kwa Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1984. Maonyesho yake ya Paradise Edict yalianzia Munich mwaka 2020, mwaka uliofuata yakafika jumba la sanaa la Royal Academy, London. Huyu bwana hachori kwenye turubai. Anachora kwenye lubugo, nguo ya gome ya Waganda.

Lubugo yenyewe ina mambo. Fundi hulibambua gome la mti wa mutuba msimu wa mvua, mti ukiwa na maji, halafu shina lililobaki uchi analifunga majani ya mgomba lisikauke. Gome huota tena, na mti uleule huvunwa tena na tena kwa miaka mingi. Kile kipande hutwangwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka kipanuke na kulainika, kikae rangi ya udongo mwekundu. Ni nguo iliyovaliwa na wafalme, na Waganda huwazikia wafu wao ndani yake. Haya, kipake rangi ya mafuta sasa. Hakinyooki. Kina makovu, kina matundu, kina mishono pale fundi alipoziba. Armitage haoni haja ya kuyaficha hayo, kwa hiyo unaweza kukuta mshono umepita katikati ya umbo la mtu.

Kwa miaka mingi nilizijua picha zake kwa simu tu, na kwenye simu matundu hayo hupotea. Kila kitu kinakuwa laini, kama kimepigwa pasi. Nilikuja kuelewa siku niliposhika lubugo mwenyewe, Kampala, kwenye kibanda cha vinyago. Nilipoipandisha juu kuitazama, mwanga ulipenya sehemu tatu.

Kumbukumbu nayo si ya bibi na mtungi. Mwaka 2017, kabla ya uchaguzi wa Kenya, Armitage alihudhuria mkutano wa upinzani Nairobi, na kutokana na hayo akachora The Fourth Estate: watu wamepanda mti, wamejaa matawini. Nani hajawahi kuuona mti huo? Kila mkutano wa kampeni unao, umezaa vijana kama embe, na chini kuna mzee anawaonya tawi litakatika. Mti huo umechorwa juu ya gome la mti mwingine. Hapo sihitaji kikaratasi cha mlangoni.

Kilichonifurahisha zaidi, hata kuliko picha zake, ni kwamba pale London maonyesho ya mtu mmoja hayakuwa ya mtu mmoja. Aliwapa nafasi wachoraji sita wa kwetu waliomtangulia, wakiwemo Theresa Musoke na Jak Katarikawe wa Uganda, na Sane Wadu, mwalimu aliyeacha chaki akachora. Alipoitwa kichaa, akajiita Sane, yaani mwenye akili timamu. Alikuwemo pia Elimo Njau, mwana wa Kilimanjaro aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Watanzania wangapi tunamjua? Mimi nilimjua nikiwa mtu mzima, tena kwa kusoma habari za maonyesho ya Ulaya. Aibu hiyo ni yangu, ila si yangu peke yangu.

Lalamiko langu ni moja: wengi wa wale walioupanda mti hawatafika Munich wala London kujiona. Angalau Armitage ameanzisha taasisi ya sanaa Nairobi, NCAI, na mwaka 2022 kazi za Wadu zilitundikwa humo.

Lubugo yangu ya Kampala niliiweka mezani nikisubiri fremu. Shangazi alipokuja akatua kikombe cha chai juu yake, akaniuliza mbona nanunua vitambaa vilivyotoboka. Fremu sijapata bado. Alama ya kikombe ipo, duara jeusi kando ya mshono.