Nukta Moja, Majina Manne

Hebu niambieni, yakhe: nukta ni nukta, au si nukta? Mtoto wa chuoni, anayejifunza herufi za Kiarabu, anajua: moja chini ni be, mbili juu ni te, tatu juu ni the. Ihame juu, ihame chini, jina lake nukta. Sasa nendeni kwa Mwingereza. Ikimaliza sentensi ni "full stop". Ikivuka bahari ikafika Marekani, hiyo hiyo, ni "period". Ikikaa kwenye anwani ya intaneti ni "dot". Ikiingia kwenye hesabu, mbili na nusu, ni "point". Majina manne, kama mtu anayekimbia madeni!

Na mgeni anayetaka chumba Nungwi hukutajia imeili yake kwa simu mbio mbio, upepo unavuma. Akisema "dash" usibabaike. "Dash" halisi ni kistari kirefu, hata kitufe chake hakuna. Anachokusudia ni "hyphen", kile kifupi kilicho jirani na sifuri, ila Waingereza wenyewe wamechoka kukiita jina lake. Akisema "underscore", shika Shifti ubonyeze kitufe hicho hicho, kistari kitalala chini. Huyu ndiye mwizi mkubwa. Anwani ikishaandikwa, kompyuta huigeuza buluu na kuipigia mstari, na kile kistari kinazama humo humo. Wewe unaona uwazi. Basi ukiona uwazi katikati ya imeili, jua pana kistari kimefichwa.

Na hii &? Maana yake "na", basi. Herufi mbili. Jina lake, "ampersand", herufi tisa! Tuendelee.

Alama ya # sisi tumemaliza: reli. Nyota mia na hamsini, nyota, kadhaa, reli, hata bibi wa kijijini Pemba anapokea pesa zake. Reli ya treni ya Bububu, hapa Unguja, iling'olewa zamani, lakini ya simuni ipo. Mwingereza anaiita "hash". Mmarekani anaiita "pound", na "pound" kwa Mwingereza ni pauni, pesa! Kwa hiyo ukipiga simu Marekani, mashine ikakwambia "press pound", usihangaike kutafuta alama ya pauni. Bonyeza reli.

Wanapogombana hawa wawili, anayeumia ni mtu wa Darajani na kibodi yake. Vitufe vimechorwa Kimarekani, ndani kompyuta imepangwa Kiingereza cha Uingereza. Unabonyeza Shifti na 2, kitufe kimechorwa @, zinatoka alama za kunukuu. Unabonyeza Shifti na 3, badala ya reli inatoka pauni. Ile @ imehamia kwenye kitufe cha ritifaa, alama hii ('), kulia, jirani ya Enter, wala haikuaga mtu. Sasa neno la siri lako lina @, na neno la siri halionekani, vidoto vyeusi tu. Unakosea, unarudia, unafungiwa mlango, unamlaumu mtoto kuwa kabadilisha. Kabla ya ugomvi, nenda kwenye nafasi ya jina, bonyeza Shifti na 2, uone kinachotoka. Kikitoka sicho, shika kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi. Kama mpangilio wa Kimarekani nao umewekwa, kibodi itabadilika. Kama haumo, ingia kwenye mipangilio ya lugha uuongeze.

Ritifaa nayo, "apostrophe" kwa wenyewe, kwao kazi yake kufupisha maneno na kuonyesha mwenye mali. Kwetu ni sehemu ya sauti: ng'ombe, ng'oa, Ng'ambo. Lakini fomu nyingi za intaneti zimeandikwa zikatae alama hiyo, kwa kuwa kwenye programu ndiyo hufungua na kufunga maneno, na ikiingia ovyo huvuruga amri. Wangeweza kuishughulikia wakitaka. Kukataa ni rahisi zaidi. Basi mtu kazaliwa Ng'ambo, kakulia Ng'ambo, anajaza mtaa wake, maandishi mekundu yanamwambia alama hairuhusiwi. Anaifuta. Anahamia Ngambo, mtaa usiokuwepo Unguja wala Pemba.