Safari Tour si mtihani wa kuingilia Kenya Open

Januari moja nilikuwa Nyali kule Mombasa siku ya mwisho ya Safari Tour, ule mfululizo wa mashindano ya mapro wa gofu wa hapa Kenya, kaskazi inavuma ile ya kukukausha midomo, na kwenye grini ya 18, yaani zile nyasi fupi za shimo la mwisho, watazamaji nikatuhesabu, tulikuwa tisa. Kati ya hao wawili ni makedi, wale wabeba fimbo, waliokwisha maliza kazi yao na mmoja ni mhudumu aliyekuja kuokota glasi. Jamaa mmoja pro mpira wake umebaki kama hatua nne, akauzunguka, akachutama, kedi akamnong'oneza kitu, akagusa, mpira ukatembea vizuriii halafu ukalamba ukingo wa shimo ukakataa kuingia. Kimya. Baadaye pale kwenye magari akanambia ule mpira mmoja umekula pesa ya kedi na nauli juu, na hapo alikuwa anakimbilia basi la usiku kwenda Nairobi manake asubuhi ana mwanafunzi wa kufundisha.

Sasa hiyo ndiyo stori yangu yote kuhusu huu msimu wetu wa gofu ya kulipwa. Kila mwaka Kenya Open, lile shindano letu kubwa linaloleta mapro wa dunia, ikiisha tunaanza kulia ati Wakenya wamefeli tena, hawana moyo, wanaogopa wazungu. Tangu lianze 1967 hakuna Mkenya aliyelibeba hilo kombe, ni kweli, aliyelikaribia kabisa ni Jacob Okello 1998 akashindwa kwa pleyofu, yale mashimo ya ziada ya kuvunja sare, na Ricardo González. 2023 pale klabu ya Muthaiga, Nairobi, Mkenya aliyepita mchujo wa kubaki kucheza wikendi ni mmoja tu, Njoroge Kibugu. Lakini mtu unamlaumuje wakati mwaka mzima amecheza mashindano ya maana ya kuhesabu kwa vidole, halafu wiki moja ya Februari ama Machi unamweka na watu ambao kazi yao kila wiki ni kucheza tu?

Mi naona shida ilianzia kwenye lengo lenyewe. Safari Tour iliundwa ili kuchuja nani apate nafasi za Kenya Open, na kwa hilo imesaidia sana, zamani tulikuwa tunabahatisha. Tatizo ni kwamba imebaki hapo hapo. Mchezaji anaanza msimu nusu ya pili ya mwaka anahesabu pointi, akishajua yumo anapumua, akijua hayumo anakata tamaa. Wa kutaka kushinda Safari Tour kwa sababu ni Safari Tour sijui kama wapo wengi. Na utamlaumu? Misimu ya mwanzo leg moja, yaani shindano moja la huo mfululizo, ilikuwa na zawadi ya shilingi milioni moja kwa wote, mshindi anaondoka na kama laki na nusu, toa hoteli, toa kedi, toa nauli, toa mipira. Kenya Open yenyewe 2024 ilikuwa dola milioni 2.5. Hata mimi ningeota hiyo wiki moja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wageni walishajifunza faida ya kucheza wiki baada ya wiki hapa hapa kwetu. Ile Safari Circuit ya zamani, miaka ya sabini na themanini, mapro wa Uingereza na Ulaya wakikimbia baridi yao wanakuja Nigeria, Zambia, Ivory Coast, Kenya, wanapigana na jua na grini ngumu. Seve Ballesteros, yule Mhispania, alichukua Kenya Open 1978, mwaka uliofuata akachukua The Open kule Uingereza. Ian Woosnam alishinda hapa 1986, akaja akavaa koti la kijani la mshindi wa Masters kule Marekani 1991. Sisemi ni Kenya iliyowafanya, lakini walikuwa wanacheza bana, hawakuwa wanafundisha watu kushika fimbo Jumanne mpaka Ijumaa.

Mtu atasema hela hakuna. Sawa, lakini mdhamini ataweka hela wapi kama watazamaji ni tisa? Kuna klabu moja, jina nalimeza, nilienda kuangalia raundi ya pili askari wa geti akaniuliza mwanachama wangu ni nani. Nikamwambia nimekuja kuangalia mashindano. Akaniangalia viatu. Nikarudi na matatu niliyokuja nayo. Mpira wa miguu mtoto anaukuta barabarani, gofu iko nyuma ya ukuta wa mawe, halafu tunashangaa mbona pro kama Dismas Indiza wa Mumias akipita mjini hakuna anayegeuka.

Angalau kuna kitu kinasogea. Hii East Africa Swing ya Sunshine Development Tour, mfululizo wa mashindano wenye mizizi Afrika Kusini, iliyoanza 2024 imeleta wiki za kushindana na inamtazamisha mchezaji Afrika Kusini, sio Muthaiga peke yake, na mimi hapo ndipo ningepeleka nguvu zote: wiki nyingi zaidi zinazofuatana, hata zawadi ikiwa ile ile, na mageti yafunguliwe bure.

Yule jamaa wa Nyali bado anacheza. Juzi nimeona jina lake kwenye matokeo, siku ya kwanza yuko chini ya pa, ile idadi ya mikwaju inayotarajiwa uwanjani, kwa mikwaju miwili, nikamtumia meseji ya hongera. Leg ilipoisha ndio akajibu, Jumatatu saa tano asubuhi, samahani ndugu, nilikuwa na mama mmoja uwanjani hapa anajifunza, bado anapiga nyasi.