Siwa haipulizwi kwa ncha: nendeni makumbusho na penseli

Mwanafunzi wangu mmoja wa dizaini aliniletea logo ya siwa, lile baragumu kubwa la sherehe la pwani, imechorwa vizuri kabisa, mistari safi, rangi zimekaa, na mtu ameishika anaipuliza kwa ile ncha kama tarumbeta. Nikamuuliza, siwa umeiona wapi? Kwa simu, mwalimu. Basi tukajipanga na wenzake, basi hadi Mokowe, boti hadi Lamu, na mle makumbusho akasimama mbele ya zile siwa mbili, ya Pate ya pembe ya ndovu na ya Lamu ya shaba, akanyamaza kwanza halafu akaniita kwa sauti: mwalimu, tundu liko ubavuni!

Picha kwenye simu alikuwa ameziona nyingi tu. Lakini hakuwahi kuizunguka.

Mimi Pinterest siipingi, hata mi naitumia, ila naona vijana wetu wengi wanachukua nakshi ya mlango wa Lamu au Zanzibar, wanaikata, wanaibandika kwenye kava au tisheti, wanasema hii ni dizaini ya Kiswahili. Hapo umechukua pambo tu. Fundi alikuwa na shida fulani, akaifikiria, akaitatua, na hayo mawazo yake ndo ya kufuata, na huwezi kuyaona mpaka ukae na kitu chenyewe.

Chukua kiti cha enzi. Ukikiangalia haraka unaona fahari, mpingo na vipande vya pembe vilivyopachikwa, basi. Nikawaambia wakae nacho saa nzima wakichore, simu mfukoni, na baada ya kama dakika ishirini maswali yakaanza kutoka yenyewe, mbona mgongo umesukwa kwa kamba badala ya kuwekwa ubao, mbona mistari yote imenyooka hivi na mapambo yamebaki madogo madogo, mbona kuna pa kuwekea miguu. Mmoja akasema mwalimu hapa upepo unapita. Ndio! Kiti cha mtu mkubwa, wa pwani, kwenye joto, na upepo unapita mgongoni mwake. Huyo kijana sasa anatengeneza benchi kwa kamba za nailoni zile za kusukia vitanda, hakuna hata ua moja la nakshi, na ukilitazama unajua limetoka wapi.

Kanga nayo ni vilevile, pindo pande zote nne, mji katikati, jina chini. Wale wanaosoma grafiki wanahangaika na mpangilio wa ukurasa wakati bibi zao wamejifunga somo lote kiunoni.

Na makumbusho nayo yatusaidie jamani. Kuna jumba moja tulienda siku nyingine, askari akatuinua kila tukikaa chini kuchora, tukazunguka tu kama watalii tukatoka. Wakati Uingereza jumba wanaloliita leo V&A, yaani Victoria and Albert Museum ya London, lilipoanzishwa 1852, lengo lilikuwa hasa kufundisha wabunifu na mafundi, na lilipohamia South Kensington mwaka 1857 wakaweka taa za gesi ili watu wa kazi waingie jioni wakishatoka vibaruani. Sisi umeme tunao. Wafungue hata jioni moja kwa wiki, waweke vigoda kumi, penseli watakuja nazo wenyewe, manake saa hizi mwanafunzi akitoka darasani anakuta geti limeshafungwa.

Tukirudi kwenye boti yule wa siwa alikuwa anachora upya, boti inayumba na yeye hajali. Ukipulizia ubavuni siwa yote inakaa kando ya mtu, karibu mita mbili za pembe, na mkono mmoja lazima unyooke kwenda kuibeba huko mbele. Ule mkono ulionyooka ndio umekuwa logo.